Daktari wa kiume alipewa taa ya upasuaji, wetu wa kike akapewa kioo cha kujirembea (Ileje, enzi za Mwingereza)

Wakuu, habari za huko mliko.

Mjukuu wangu ameniambia humu kila mtu anaitwa mkuu, awe na miaka ishirini au sabini. Mimi nakaribia tisini, sijui mtaniitaje. Waliotaka kuniamkia, marahaba, tuendelee.

Haya ninayoandika mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyafanya kwa mikono hii hii inayobonyeza simu kwa kidole kimoja. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Sina umri wa kutunga.

Chanzo cha uzi ni huyo mjukuu. Ni binti, daktari wa macho, yuko Dar. Wiki iliyopita alikuja Tunduma kunisalimia, tukakaa uani, malori yanapiga honi kwenye foleni ya mpaka, yeye amekunja uso kama anaumwa jino.

Nikambana mpaka akasema. Kuna kampuni ya dawa za macho inawaalika madaktari watoe mada kwenye semina zake, halafu inawalipa. Mwenzake wa kiume, waliosoma naye, tena upasuaji fulani mjukuu wangu ndiye aliyemwelekeza, amelipwa hela ya maana na kukatiwa tiketi ya ndege kwenda semina nyingine nje ya nchi. Yeye kwa mada ile ile amepewa mkoba, kalamu na sahani ya wali.

"Labda sikuongea vizuri, bibi," akaniambia.

Wakuu, hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kwa sababu maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasikia, na aliyeyasema alikuwa daktari mkubwa kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nikamsimulia. Alipomaliza kulia akasema niyaweke humu.

Basi tulieni.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi ni binti wa Ileje, milimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Isongole. Niliolewa mapema kama ilivyokuwa desturi. Mume wangu Lameki alikaa na mimi miezi michache tu, akavuka kwenda migodi ya shaba Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia yenu ya leo. Vijana wote walikuwa wanakwenda huko.

Nikabaki na baba mkwe. Mama mkwe alikuwa ameshafariki.

Sasa hapa wa mjini nisikilizeni vizuri, maana bila kuelewa hili hamtaelewa kitu. Kwetu wakati ule mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawajakosana, ni heshima. Ukimsikia anakuja njiani unaingia kwenye majani, unajifunika nguo usoni, unampa mgongo mpaka apite. Humsemeshi. Chakula chake unapika wewe, anapeleka mtu mwingine.

Na baba mkwe wangu akapofuka. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwenye mboni kukawa na weupe kama maziwa yaliyoganda.

Nani atampelekea chakula? Nyumba ina watu wawili tu.

Wanawake wa ukoo wakakaa kikao. Wakaamua kwamba kwa kuwa mzee haoni, basi hatujaonana, nikimpelekea uji si kosa. Ila nisimsemeshe.

Mzee naye akatafuta njia yake. Akawa anaongea na nguzo ya nyumba. "Wewe nguzo, leo uji una chumvi." Na mimi namjibu nguzo: "Nguzo, waambie wenye nyumba chumvi imemwagika kwa bahati mbaya." Anacheka peke yake. Tumeishi hivyo miaka mitatu, na nawaambia ukweli, nilimpenda yule mzee kuliko baba yangu mzazi.

Yeye hajawahi kuniona. Alianza kupofuka kabla sijaolewa, na hata pale alipokuwa bado anaona kidogo, mimi nilikuwa kwenye majani.

(Najua kuna mtu ataandika "hii chai". Kijana, chai kunywa wewe, mimi presha hainiruhusu.)

Hospitali ndogo ya misheni ilikuwa jirani na kwetu. Daktari alikuwa mwanamke mzungu, mrefu, mwembamba, viatu vyake vizito kama vya askari. Tulimwita Bibi Daktari. Magonjwa yote alitibu lakini alichosomea hasa ni macho.

Nilipata kazi pale ya kufua bendeji na kuosha macho ya wagonjwa. Pia nilikuwa nashika kurunzi wakati wa upasuaji. Alikuwepo na dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari, Yohana, mtu mzima mwenye suti moja na Kiingereza kingi, yeye ndiye aliyempa daktari vifaa.

Msidharau kushika kurunzi. Karabai tulikuwa nayo, lakini karabai inamwaga mwanga kila mahali na ina joto, na jicho linataka mwanga mmoja uliotulia. Betri za kurunzi zilikuwa zinaletwa kutoka mbali na zinakufa wakati wowote. Bibi Daktari alikuwa hapasui mtoto wa jicho mpaka awe na uhakika wa mwanga. Wagonjwa walikuwa wanarudishwa nyumbani, wengine wametembea siku mbili.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wanasubiri mwanga.

Siku moja ikaja gari na mzungu wa kampuni ya dawa. Tukambatiza Bwana Dawa. Alileta masanduku ya marhamu mpya ya macho, dawa ya trakoma, yale macho mekundu yanayokula kope.

Makubaliano aliyatafsiri Yohana, tukasikia wote. Daktari yeyote wa macho atakayeijaribu marhamu hiyo kwa wagonjwa wake na kuandika matokeo, kampuni itamzawadia taa ya upasuaji inayotumia betri ya gari. Madaktari waliokubali kwa upande wetu walikuwa wawili. Bibi Daktari, na daktari mwingine, mwanaume, upande wa Mbozi.

Bibi Daktari alifurahi mpaka akanishika mabega akanizungusha. "Baba mkwe wako," akasema, "taa ikija yeye ni wa kwanza."

Wakuu, tulitembea. Miezi na miezi. Tulishuka mpaka mto wa mpakani na Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, tukapanda mlima mwingine, tukarudi. Sanduku la marhamu kichwani kwangu. Kila kijiji anakaa chini kwenye ngozi, anafunua kope moja moja, anapaka, anaandika kwenye madaftari ya shule kwa mwandiko mdogo kama chawa. Mgonjwa aliyepakwa leo anafuatwa tena na tena mpaka ijulikane amepona au la. Mvua imetunyeshea, amepata malaria, amepona, tumeondoka tena.

Madaftari yalijaza sanduku zima.

Yule wa Mbozi, na simsemi vibaya maana watu walimsifu kwa upole, yeye tuliambiwa aliandika wagonjwa waliokuja wenyewe mlangoni kwake. Karatasi zake Bwana Dawa alizibeba ndani ya bahasha. Hilo nililiona mwenyewe, alipokuja kuchukua ya kwetu alikuwa ameshika bahasha mkononi, halafu akaita watu wawili wabebe sanduku letu mpaka kwenye gari.

Akaondoka nalo.

Aliporudi, ilikuwa mwanzo wa kipupwe. Sisi tumejipanga. Yohana amevaa suti. Baba mkwe nyumbani amenyolewa nywele tayari kwa upasuaji.

Bwana Dawa akatoa kwenye gari boksi zuri lenye utepe. Nikawaza, mbona taa ni bapa?

Kilikuwa kioo. Kioo cha kujitazama, kikubwa kama sinia, kina fremu ya fedha yenye maua. Na poda. Na vitambaa vya mkononi vyenye manukato. Yohana alipewa kalamu ya wino. Mimi nilipewa kipande cha sabuni.

Bibi Daktari akauliza kitu kwa Kiingereza. Bwana Dawa akajibu kwa ukarimu mkubwa, anatabasamu. Yohana alinitafsiria baadaye jikoni, uso umemshuka. Taa imetoka, moja, na ameshapewa daktari wa Mbozi. Pamoja na malipo ya kazi. Kwa sababu yule ana mke na watoto na ni daktari wa kutegemewa na wakubwa. "Wewe, bibi," alimwambia, "unafanya kwa ajili ya Mungu. Nikaona nikuletee kitu ambacho mwanamke anakikosa huku porini."

Na Bibi Daktari alijibu nini? Yohana alisema alijibu hivi: "Labda sikuandika vizuri."

Mnaona sasa kwa nini mjukuu alinikasirisha.

Bwana Dawa akanywa chai, akaondoka. Nilirudi nyumbani natembea pole pole. Nilimwambia nguzo kwamba taa haijaja. Mzee akamwambia nguzo kwamba yeye ameshazoea giza, asisumbuliwe mtu.

Nililia kwenye moshi wa jiko ili nisijulikane.

Kesho yake asubuhi naingia hospitali, namkuta Bibi Daktari amekaa kitandani mwa wagonjwa, kioo kipo mapajani. Nikadhani anajitazama. Wala. Jua lilikuwa linapiga kupitia mlangoni, na yeye anakigeuza kioo pole pole. Doa la mwanga linatembea ukutani. Linapanda dari. Linashuka. Anakigeuza tena, linasimama pale pale anapotaka.

Akaniangalia. Nywele zimemsimama, macho mekundu, sidhani alilala.

"Tundika shuka jeupe," akaniambia.

Nikatundika shuka kando ya meza ya upasuaji. Akatoka nje akazunguka dirishani, akalielekeza jua kwa kile kioo mpaka kwenye shuka. Chumba chote kikageuka. Mwanga mweupe, mpole, hauumizi, hauna kivuli. Yohana aliinua mkono wake kwenye ule mwanga, akaanza kuhesabu vinyweleo kwa sauti.

Sijui niwaelezeje. Kurunzi nimeishika mwaka mzima na sikuwahi kuona chumba kile namna ile.

Ila kukawa na tatizo, na tatizo ni mimi.

Yohana lazima atoe vifaa. Kioo lazima kishikwe na mtu mwenye mkono usiotetemeka, na jua linahama, kwa hiyo kinasogezwa kidogo kidogo muda wote. Mtu huyo ni mimi, hakuna mwingine aliyezoea. Na anayepasuliwa ni baba mkwe wangu, anakwenda kufumbuliwa macho mbele yangu. Wanawake wa ukoo waliposikia walikuja juu. Uji kwa kipofu waliruhusu. Kusimama mbele yake akiwa amelala chali, siku ya kurudishiwa macho, hapana. Wakasema nitamletea laana, macho yatakufa tena.

Bibi Daktari hakubishana nao. Aliwachukua mpaka nje ya dirisha, akanisimamisha pale, akanipa kioo nikishike mbele ya uso. Kioo kikanifunika uso wote mpaka kifuani. Mimi nyuma ya kioo naona mbao za mgongo wake tu. Aliye ndani anaona mwanga tu.

Shangazi yake Lameki, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, aliingia ndani akachungulia, akatoka. Akasema, "Hawaonani."

Ikapita.

Kilichobaki ni jua lenyewe. Kule milimani kipupwe kina ukungu. Siku ya kwanza ukungu haukuondoka. Siku ya pili vile vile. Mzee analetwa, anarudishwa. Siku ya tatu ukafunguka saa tano hivi, Bibi Daktari akapiga kelele tumlaze mara moja.

Nikasimama dirishani, nikainua kioo.

Sikuona kitu wakuu, hapa nasimulia nilichosikia. Sauti yake: "Juu kidogo. Kushoto. Hapo. Usipumue." Mikono inauma, halafu inawaka, halafu siisikii tena. Sauti ya chombo kuwekwa kwenye bakuli. "Kulia. Hapo hapo."

Halafu baridi ikanipiga mabegani. Wingu.

Maagizo yakakatika. Nilijua Bibi Daktari yuko katikati, kisu kimo ndani ya jicho la mzee, na hawezi kukitoa wala kuendelea bila kuona. Nilisikia Yohana anaomba chini chini. Sikushusha kioo. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na nimezaa mara saba.

Mzee ndiye aliyeongea. Alikuwa macho, dawa ilikuwa ya ganzi tu. Akasema polepole, "Yohana, mwambie anayeshika jua asichoke."

Alijua ni mimi.

Sijui wingu lilikaa kwa muda gani. Lilipopita, joto likanirudia mabegani, na Bibi Daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nzuri. Nzuri sana. Kaa hapo." Na nikakaa hapo.

Jicho moja lilitosha siku hiyo.

Zama zile ukipasuliwa mtoto wa jicho unalazwa chali siku nyingi, kichwa kimebanwa na mifuko ya mchanga usigeuke. Mzee alivumilia. Bendeji ilipofunguliwa mimi nilikuwa nyuma ya jengo, sikuwepo, naeleza ya Yohana. Bibi Daktari alimvalisha miwani minene kutoka kwenye boksi la miwani ya zamani. Mzee akatazama. Akanyoosha mkono akashika kifungo cha koti la Yohana. Akasema, "Hiki hakifanani na vingine."

Kweli kilikuwa cha rangi nyingine. Yohana, mtu mzima na suti yake, akakaa chini.

Zikapita wiki. Baba mkwe akaja hospitali anatembea mwenyewe, bila fimbo, anaswaga mtamba. Ng'ombe jike mzuri ambaye hajazaa, ndiye bora aliyekuwa naye.

Bahati ikataka siku hiyo hiyo Bwana Dawa awepo, amekuja kuomba Bibi Daktari aijaribu dawa nyingine. Akauliza ng'ombe ni wa nini. Yohana akamweleza kwamba ni malipo ya mganga, ndiyo desturi, aliyeponywa analipa. Bwana Dawa akacheka. Akasema muulize mzee, kama angepasuliwa na daktari wa kiume angeleta ng'ombe wangapi?

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, nguo usoni, nasikia kila neno.

Yohana akatafsiri. Mzee hakuelewa. Akaomba arudiwe. Akarudiwa. Akamtazama Bwana Dawa kwa ile miwani minene, si kwa hasira, kwa mshangao tu, kama mtu anayetaka kufundishwa.

"Kwani jicho lililofunguliwa na mwanaume," akauliza, "linaona zaidi?"

Yohana akaitafsiri hiyo pia. Nilisikia kikombe kinawekwa mezani.

Bibi Daktari aliipokea kamba ya mtamba kwa mikono miwili, ingawa siku zote alituambia hataki zawadi za wagonjwa. Ile aliipokea. Na dawa mpya aliikataa. Alisema kwa Kiswahili, makusudi tusikie wote, kwamba bado anasubiri taa ya dawa iliyopita.

Taa haikuja, wakuu. Sitawadanganya. Mpaka ninaondoka kumfuata Lameki, upasuaji ulifanywa kwa jua na kile kioo, na watu walitoka pale wanaona.

Lakini siku ile haijaisha. Mzee alikuwa na kitu kingine mkononi, jembe jipya. Kwetu baba mkwe akitaka kuondoa ule mwiko, anampa mkamwana zawadi mbele ya watu. Wengi walikuwa hawaondoi mpaka wanakufa. Akamwambia shangazi aniite.

Nikatoka jikoni nimeinama, nguo imenifunika mpaka kidevuni. Nikapiga magoti. Akaweka jembe mbele yangu. Akasema nifunue.

Nikafunua. Nikainua uso.

Alinitazama muda mrefu, kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kumbe ni mtoto," akasema. "Miaka yote hii nalishwa na mtoto."

Akalia mbele ya watu wote, mzee mzima, kwa jicho lile lile.

Nimeishi miaka mingi, wakuu. Nimeona barabara ya lami inaingia Tunduma, nimeona simu, nimeona wajukuu wanapaa na ndege. Sijaona kitu kikubwa kama kutazamwa siku ile.

Funzo langu ni hili. Yule daktari alinistaajabisha mpaka leo, lakini sikumsamehe kwa yale maneno ya "labda sikuandika vizuri". Aliandika vizuri. Sanduku zima. Kosa halikuwa lake hata chembe, na angelisema mapema, pengine wangepata aibu mapema. Mjukuu wangu nimemwambia aandike barua kwa hiyo kampuni aulize kwa nini, kwa maandishi, na jina lake chini. Ameiandika jana. Hajajibiwa.

Madaktari na manesi wa kike mliomo humu, njooni mseme: nyie mlipewa nini, na mwenzako wa kiume alipewa nini kwa kazi ile ile? Na nyie wanaume mliopokea, semeni mlijua au hamkujua. Sitamgombeza mtu.

Nitasoma yote, ila pole pole, macho yangu nayo yameanza weupe. Mjukuu amesema atanipasua mwenyewe mwezi ujao.